Maji ya bafu na jikoni: barua kwa Mama Aline

Bukavu, Jumapili jioni

Mama Aline, rafiki yangu,

Jambo sana, na jambo kwa Baba Aline na watoto. Picha za parseli, kiwanja chenu cha Goma, nimeziona. Naanza na swali lako la mwisho, kama maji ya bafu na jikoni yaishie kwenye shimo la fundi, kwa kuwa ndilo litakalokula pesa: usimkubalie fundi achimbe shimo la kunyonya maji kisha alifunike. Huku Bukavu udongo wa mfinyanzi unakataa maji, yanarudi juu, na aliyekosea anaonekana mtaa mzima. Huko Goma mawe ya volkano yamejaa nyufa. Mwaga pipa zima, linapotea bila harufu, na watu wanalisifu shimo. Maji hayo yameondoka na uchafu wake wote, yanateremka kuelekea ziwani, na ziwani ndiko mji unakochota maji ya kunywa. Udongo wa kawaida husafisha kwa sababu maji yanapita polepole na vijidudu vinapata muda wa kula uchafu. Ufa wa jiwe hautoi muda huo.

Kwa hiyo tunayachelewesha maji siku kama tano ndani ya kitanda cha kokoto kisichovuja, yaani birika la mawe lililojaa kokoto na kupandwa matete juu. Mko watu wanane. Mkitumia lita 25 kila mmoja, ni 200 kwa siku, na kama 160 zinaishia kwenye bomba la maji machafu. Kitanda cha mita 4 kwa mita 1, chenye kokoto za kina cha sentimita 55 na maji yakifika sentimita 50, kina mita 2 za ujazo penye maji. Nafasi kati ya kokoto ni kama asilimia 40, yaani lita 800. Gawa kwa 160, siku tano. Wageni wa likizo wakija na maji yakafika lita 250, bado una siku tatu na kitu. Maji ya choo hayaingii humo, wala maji ya kufulia nepi za mtoto. Hayo yahesabu kama ya choo.

Kabla ya kitanda kuna mtego wa mafuta, na hapo ndipo mafundi wengi wanapotaka kubana pesa. Usiwaachie. Usiku wa Goma una baridi, na mawese yaliyobaki kwenye sufuria ya samaki wadogo wa sambaza yanaganda ndani ya bomba kama mshumaa. Chukua pipa la plastiki la lita 60 lenye kifuniko. Bomba la kuingia ligeuke chini kidogo. La kutoka liwe na umbo la T, mguu wake ukishuka hadi sentimita 20 hivi juu ya sakafu ya pipa, ili lichote maji ya katikati: mafuta yabaki juu, mchanga wa kusugulia sufuria ubaki chini. Kila wiki toa mafuta kwa kijiko chenye matundu, yachanganye na majivu, uyazike. Kutoka hapo maji ya jikoni yanakutana na ya bafu kwenye pipa la lita 200 la kutulizia, nalo lifunikwe. Tope likifika theluthi ya kina chake, lipakue. Mabomba yawe ya milimita 75 au zaidi. Ya 50 yataziba kwa nywele na mabaki ya sombe, majani ya muhogo.

Kwa kuwa kuchimba lava ni adhabu, kitanda kijengwe juu ya ardhi kwa mawe hayohayo, chokaa cha simenti moja kwa mchanga tatu, plasta ya ndani mara mbili, na ukimwagie maji wiki nzima kisipasuke. Sakafu ishuke sentimita 4 kutoka mwanzo hadi mwisho. Shitingi, ile karatasi ya plastiki, peke yake usiiamini, makali ya lava yanaitoboa. Kisha kijaribu: kijaze maji, kwaruza alama kwa msumari, kifunike, urudi kesho yake saa ileile. Yakishuka zaidi ya sentimita 1, tafuta ufa kabla jiwe hata moja halijaingia.

Kokoto zako ziko bure mlangoni, lakini zisafishe. Tupa konzi kwenye ndoo ya maji: zinazoelea zitoe, maana zitapanda juu na kuacha mianya. Zilizozama zioshe mpaka maji yawe maangavu. Lile vumbi jeusi likibaki, linajikusanya chini na kuziba. Sentimita 40 za mwanzo na za mwisho weka mawe ya ukubwa wa ngumi. Katikati, kuanzia punje ya hindi mpaka ncha ya kidole gumba. Bomba la kuingizia liwe na matundu, lilale upana wote wa kitanda chini ya mawe ya juu, maji yasipite upande mmoja tu.

Mwishoni bomba la kutolea linakaa sakafuni, linapenya ukuta, na upande wa nje linamalizikia na kona iliyosimama, kile kipande cha bomba kilichopinda. Kona hiyo fundi asiigundishe! Ukiizungusha, mdomo wake unapanda au kushuka, na maji ya kitandani yanaufuata. Yaweke sentimita 5 chini ya uso wa kokoto. Yakionekana juu, mbu watakushukuru.

Panda matete au mafunjo, mashina manne kwa kila mita ya mraba, na miezi ya mwanzo yaachie maji yafike karibu na uso mpaka mizizi ishuke. Maji yanayotoka yapeleke kwenye migomba, chini ya majani makavu. Yasiguse mboga za majani kama lengalenga, wala chochote kinacholiwa kibichi. Avoka, yaani mparachichi, usiipe: chumvi ya sabuni ya unga inachoma kingo za majani yake. Ndoo ya javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, nayo isiingie kwenye bomba, itaua vijidudu unavyovilisha.

Maji yakituama penye mawe makubwa ya mwanzo, mafuta yamepita mtegoni. Toa mawe hayo tu, yaoshe, yarudishe. Harufu ya yai bovu, pipa la kutulizia limejaa tope. Mimea ya mwisho ikikauka wakati ya mwanzo ni mibichi, kitanda kinavuja.

Sasa, kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa simenti: mwambie fundi apime kwa nivo ya maji, ule mrija wa plastiki uliojazwa maji, tofauti ya kimo kati ya tundu la bafu na mahali pa kitanda. Chini ya sentimita 70 maji hayatajipeleka yenyewe, na itabidi tukisogeze kitanda kuelekea migombani, penye mteremko. Nitumie namba hiyo.

Rafiki yako,
Mama Solange