Pesa za nyasi zimefika

Mwanangu mpendwa,

Pesa zimefika. Simu ililia nikiwa nachota maji, na niliposoma ujumbe wako nikakaa kwanza juu ya mtungi. Hukuandika kwamba ni za Mama, wala za Baba. Uliandika, "Za nyasi za Shangazi." Nilimsomea baba yako mara mbili. Hakusema neno; alichukua kofia akaenda bandani, na wewe unamjua, akiguswa moyo huenda kumchana mkia Shangazi, huyo farasi wetu.

Ningekupigia, lakini kwenye simu huwa unaniambia "sawa Mama, sawa Mama" kabla sijafika nilikokuwa naelekea. Kwa hiyo naandika, na dada yako ataipiga picha barua hii akutumie.

Kwanza hesabu, maana anayetoa pesa yake ana haki ya kujua imekwenda wapi. Tumenunua marobota ya nyasi za boma rhodes mapema, bei ikiwa bado na utu. Shangazi ana uzito wa karibu kilo 450, na farasi wa kiasi hicho anataka nyasi kavu kilo 8 hadi 10 kila siku. Robota la kilo 15 linamtosha siku moja na nusu, akijibana karibu mbili. Maji anakunywa lita 30 siku ya kawaida, jua likiwaka anapita hapo, na maji ya hapa Kiserian hujasahau kuwa ni ya kununua. Wageni wakija huona shingo ndefu na manyoya yanayong'aa. Mitungi hawaioni.

Siku moja uliniuliza huyu farasi anatupa nini hasa. Sikukujibu, nikakutuma dukani. Leo nina nafasi.

Mimi sikumtaka, hilo unalijua. Nilikuwa nataka ng'ombe wa maziwa. Baba yako alikuwa saisi, mtunza farasi, pale uwanja wa mbio wa Ngong, na farasi wa mbio kazi yake ni fupi: wengi huanza wakiwa na miaka miwili au mitatu, na kabla ya kumi wamekwisha kustaafu, ilhali wanaweza kuishi miaka 25 na zaidi. Uzee wao ndio mrefu, na si kila mwenye mali anataka kuulipia. Mwenye huyu alipochoka naye, baba yako akamwomba. Alimleta kwa miguu akimwongoza kwa kamba kupitia mjini Ngong, watoto wakiwafuata nyuma, naye akaingia kwenye ua wangu akatazama huku na huku kama shangazi wa upande wa baba aliyekuja kukagua nyumba. Jina lilianzia hapo. Bado ningependa ng'ombe, nisikufiche.

Lakini tangu aje, shukrani zangu nyingi zimekuwa za mambo ambayo hayakutokea. Asubuhi kabla ya kuwasha jiko nakwenda bandani kuhesabu mavi. Cheka tu. Farasi hawezi kutapika. Kitu kikimkwama tumboni hakina njia ya kurudi, na anaweza kufa kwa maumivu ya tumbo tu. Nikikuta mafungu manne au matano ya usiku, mabichi, yenye unyevu wake, nasema "Asante Mungu" kwa sauti, peke yangu, nimeshika koleo. Halafu ndiyo nakwenda kupika chai.

Unaukumbuka ule usiku ukiwa kidato cha tatu. Alikuwa anachimba chini kwa kwato na kugeuza shingo kutazama ubavu wake, kisha akalala na kuanza kugaragara. Baba yako aliweka sikio tumboni akasema, "Kimya." Tumbo la farasi mzima halinyamazi hata dakika, kwa hiyo lile neno moja lilitutosha. Daktari alikuja usiku huo huo, akampitisha mpira mrefu puani hadi tumboni na kummiminia mafuta, akatuambia tumtembeze, asilale. Mlimtembeza uani kwa zamu, wewe na baba yako. Mimi nilishika taa, na tochi ilipokwisha moto nikashika simu.

Alfajiri alipoinua mkia, baba yako alipiga yowe hadi jirani akatoka na panga. Alipoambiwa ni mavi tu, alisimama pale kidogo, akarudi ndani, akatoka tena na maziwa. Tulikunywa chai wote wanne bandani. Ninachotaka kukuambia ni kilichofuata. Ulioga, ukavaa sare, ukaenda kufanya mtihani wa hesabu bila kulala. Sikukumbuka kuwa ulikuwa na mtihani mpaka nilipoiona ripoti yako mwisho wa muhula. Hujawahi kulitaja, hata siku ulipogombana na baba yako na ukawa na sababu ya kumtajia. Nakushukuru leo. Nilipaswa kuisema siku ile ile nikiwa bado na kikombe mkononi, lakini katika nyumba hii tunajua kumshukuru Mungu na kumshukuru farasi, watoto tunawatuma tu.

Na zile jioni pia. Saa kumi na mbili lazima awe ndani, wavu umeshushwa dirishani, kwa sababu usubi huanza kuruka jua likishuka, nao ndio wanaoeneza ule ugonjwa wa farasi ambao ukimshika mnyama asiye na chanjo mara nyingi humwua kwa siku chache. Punda milia hubeba virusi vyake wala hawaugui, nao kule mbugani ni wengi. Wenzako walikuwa wanaendelea na mpira, na wewe ndiye uliyekuwa unaondoka kipindi cha pili. Nilikuwa nawasikia wakikuita. Hukugeuka, au ulikuwa unageuka mahali nisipokuona.

Basi anatupa nini? Kuna mbolea, ambayo mama wa mboga anaichukua na kutulipa kwa sukuma na mchicha. Alijifunza kuiacha ioze kwanza, kwa sababu mara ya mwanzo iliotesha magugu shamba zima. Mbegu za nyasi hupita tumboni mwa farasi zikiwa hai. Kuna vijisenti vya Jumapili, watoto wanapopandishwa na kuzungushwa, navyo havitoshi hata chumvi yake ya kulamba. Na kuna baba yako. Wenzake waliostaafu naye, wengine wamekaa kwenye kiti mpaka kiti kimewazoea. Yeye magoti yanamuuma, ananung'unika, na kabla ya kumi na mbili asubuhi yuko nje na ndoo kwa sababu kuna mtu anagonga mlango wa banda kwa kwato. Akiwa pale ndani namsikia akizungumza. Maneno anayomwambia yule farasi sijawahi kuambiwa mimi, na tumeoana kanisani.

Sasa mambo ya kawaida. Fundi wa kwato anakuja Jumamosi. La mbele kushoto limeanza kupasuka kidogo, anasema si kitu. Chanjo ya mwaka tayari amepata. Dada yako amejifunza kumvalisha hatamu bila kung'atwa. Mwezi ujao usitume kitu, nunua godoro. Nimesikia kwa dada yako kwamba unalalia blanketi na ulimwambia asiniambie. Ukija Pasaka pitia sokoni hapo Nakuru ulete karoti, zile zilizopinda ambazo watu hawazitaki, wanakuuzia gunia kwa bei ya kutupa. Na usije na vile viatu vyako vyeupe, baba yako ameshapanga wewe ndiye utakayesafisha banda.

Mama yako