Wito wa Harambee: Tuwawezeshe Wanafunzi Wetu Kuwahudumia Wahitaji na Kutetea Haki Zao

Ndugu wazazi, walezi, wahitimu wa shule yetu na nyote mnaoitakia mema,

Tumsifu Yesu Kristo.

Kamati ya wazazi na walimu inawaalika kwenye harambee itakayofanyika baada ya Misa ya Siku ya Maskini Duniani, yaani Jumapili inayotangulia Sherehe ya Kristo Mfalme. Siku hiyo iliwekwa na Papa Fransisko mwaka 2016 na ikaanza kuadhimishwa mwaka uliofuata. Tumeichagua kwa makusudi, kwa kuwa safari hii hatuchangishi kwa ajili ya jengo wala samani. Tunachangisha ili kuendeleza kazi ambayo wanafunzi wetu wamekwisha kuianza.

Siku za Jumamosi wanafunzi wa madarasa ya juu, wakiongozana na walimu wao, huwatembelea wazee wanaoishi peke yao, wakawafulia, wakawafagilia na kuketi nao kwa mazungumzo. Wengi wetu tulidhani huduma itakomea hapo. Bibi mmoja alipoletewa sabuni na shuka alishukuru, kisha akasema kwamba sabuni anayo. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumsomea barua aliyokuwa ameikunja chini ya godoro. Mwanafunzi mmoja wa kike aliisoma kwa sauti mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hata yeye hakuielewa. Ilimtaka bibi afike ofisini kuhakikiwa, la sivyo malipo yake ya uzeeni yangesimamishwa, na tarehe ya mwisho ilikuwa imekwisha kupita. Mwalimu alimsindikiza, wakarudishwa kwa kukosa nakala ya hati moja, wakaenda tena, na hatimaye malipo yakarejeshwa. Tangu hapo, katika kila kapu la sabuni na shuka huwekwa pia daftari la kuandikia yale ambayo wazee wanayadai kwa haki lakini hawayapati.

Hapo ndipo vijana wetu walipotambua kwamba anayenyimwa kilicho chake hatoshelezwi kwa zawadi. Kanisa limelifundisha jambo hili kwa muda mrefu. Katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, Papa Leo XIII alisema kwamba hata pale mwajiri na mfanyakazi wanapokubaliana kwa hiari, ujira haupaswi kuwa chini ya kile kinachomwezesha mfanyakazi mwenye kiasi kujikimu. Wanafunzi walipoisoma sehemu hiyo, swali lao la kwanza lilituhusu sisi wenyewe: je, wasafishaji wa shule wanalipwaje? Uongozi uliwajibu kwa takwimu, wasafishaji wenyewe wakiwapo. Tunalitaja hili kwa sababu kuna wazazi wanaoona kwamba maswali ya namna hiyo ni utovu wa adabu, ilhali kwetu sisi ni dalili kwamba somo limeingia.

Wapo pia wanaosema kwamba umri wa shule haujafikia kazi hii. Mwaka 1833, mjini Paris, Frédéric Ozanam alikuwa mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 20 wakati yeye na wenzake wachache walipoanzisha chama ambacho leo kinajulikana duniani kote kwa jina la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Hawakuwa na mfuko wa maana wala uzoefu. Sista Rosalie Rendu, aliyewafahamu vyema maskini wa mtaa wa Mouffetard, ndiye aliyewafundisha jinsi ya kuingia katika nyumba ya mtu bila kumdhalilisha. Wanafunzi wetu nao wanahitaji mtu wa kuwafundisha hivyo, na mafunzo hayo ni sehemu ya gharama tunazoomba mtusaidie kuzibeba.

Sehemu kubwa ya fedha itagharimia usafiri, kwa kuwa wazee walio mbali ndio wasiofikiwa na mtu. Inayobaki itanunua vifaa vya usafi, italipia nakala na ada za hati, na kuwezesha mafunzo ya wanafunzi pamoja na walimu wanaowasimamia. Hakuna mwanafunzi atakayetoka bila idhini ya maandishi ya mzazi, wala kundi litakalokwenda bila watu wazima wawili, na huduma hii haitolewi alama.

Wenye vitu wavilete vikiwa vizima na safi. Nguo ambayo mwenyewe usingeivaa, tafadhali usituletee. Wanasheria, wauguzi na madereva wanaweza kuahidi saa zao badala ya fedha, na wengine wamekwisha kufanya hivyo. Jambo moja tunawaomba mlipokee kwa moyo mkunjufu: hatutawatumia picha za wanaohudumiwa, kwa kuwa hawapaswi kulipia msaada kwa kuonyesha nyuso zao. Badala yake, kila mchangiaji atapata taarifa ya maandishi ya mapato na matumizi.

Michango ipelekwe kwa mhasibu wa shule, na kila anayetoa adai stakabadhi, hata kama kiasi ni kidogo. Ahadi zitaandikwa siku ya harambee na zinaweza kulipwa kwa awamu hadi mwisho wa Majilio.

Kamati ya Harambee,
kwa niaba ya wazazi, walimu na wanafunzi