Shukrani kwa dada wa maabara, Upanga

Dada, jina lako sikulijua, lakini mama yangu leo anakula akashiba kwa sababu yako. Vidonda vya tumbo vilikuwa vinarudi kila dawa ikiisha, na kuhara juu yake. Wewe ndiye uliyeuliza kama bado anameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ukatueleza kwamba dawa hiyo yenyewe hupandisha gastrini, homoni inayoliamuru tumbo kutoa asidi, kwenye damu, hivyo turudi kwanza kwa daktari aisitishe kwa uangalizi. Wangapi wangeuliza?

Kipimo cha pili kilisoma gastrini zaidi ya pikogramu 1,000 kwa mililita, na pH ya tumbo chini ya 2, yaani asidi kali. Ndio ugonjwa walioueleza madaktari wa upasuaji Zollinger na Ellison mwaka 1955: uvimbe mdogo, wa mama uko mwanzoni mwa utumbo mwembamba, unaotoa gastrini na kulichochea tumbo kumwaga asidi mfululizo. Mungu akulipe, dada yangu.