Shoga, hili limeshatoka mikononi mwa kikao cha ukoo

Makorora, Tanga
Jumapili baada ya Alasiri

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Sauti uliyonitumia jana nimeisikiliza nikiwa nimefunga mlango, nisije kuulizwa na watu wa humu nani analia vile. Nikaona nisikujibu kwa sauti. Maneno ya simu hupeperuka, na haya nataka uwe nayo mkononi siku atakapokuja huyo bwana, baba yake Zuhura, kumdai mtoto unayemlea tangu dada yako afariki.

Kwanza vuta pumzi. Mtu kusema "nakuja kumchukua mwanangu" hakumaanishi kesho ataondoka naye. Lakini nawe acha kujipa moyo kwamba kikao kingine cha ukoo kitamaliza. Vikao mmekaa tangu arobaini ya marehemu, na kila kikao kinafuta maneno ya kile kilichopita. Nimekaa kwenye meza ya usaidizi wa kisheria hapa Ngamiani muda wa kutosha kuyajua haya mambo yanavyokwenda. Maadamu wakubwa wanabishana tu kuhusu nani alipe ada na sikukuu mtoto ale wapi, mbaki na wazee wenu, wala msisogee mahakamani. Mtu akitaka kumhamisha mtoto bila ridhaa yenu, au akigusa mali yake, hapo tafuta mwanasheria, na utafute kabla hajafika mlangoni. Kwako yote mawili yametokea kwa mpigo: anamtaka Zuhura, na kabla ya hapo ameuliza mafao ya dada yako. Miaka yote hiyo hakujua hata mtoto anavaa kiatu namba ngapi, leo kasikia PSSSF, ule mfuko wa mafao ya watumishi wa umma, kakumbuka ubaba. Astaghfirullah, nisimhukumu. Ila hakimu naye atajiuliza hilo hilo.

Sasa sikiliza lile usilolipenda. Yule ni baba, na yu hai. Sheria inamtambua, na talaka haikumvua ubaba. Ile karatasi ya daftari waliyotia dole gumba wazee, "mtoto abaki kwa mama mdogo", inaonyesha mlikubaliana nini wakati ule, basi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa nayo inakutambulisha kuwa unakaa na mtoto, haikufanyi mlezi kisheria. Baraza la kata pia halina uwezo wa kumgawa mtoto, hata wakikupigia muhuri mara tatu. Na sheikh wako kakwambia kweli kwamba kwa dini hadhana, yaani malezi ya mtoto, mama akifariki huenda upande wa mama. Shikilia hilo, lina uzito wake, lakini huku bara neno la kadhi si amri ya mahakama. Wenzetu Zanzibar ndio wenye Mahakama ya Kadhi inayotambuliwa na dola.

Lile la "miaka saba" ulilolisema kwa kujiamini, liangalie vizuri. Sheria inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Imetajwa mama, haikutajwa mama mdogo. Wala hakuna palipoandikwa kwamba akitimiza saba anapakiwa kwenye basi kwenda kwa baba. Hayo ni maneno ya barazani, na wanaume wa barazani wanayapenda.

Kinachokubeba ni kitu kingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu ndugu anayemtunza mtoto kuomba mwenyewe mahakamani apewe malezi yake. Si lazima uwe umemzaa. Na hakimu akikaa na jambo hilo, la kwanza kwake ni maslahi ya mtoto. Ni kweli sheria inaona heri mtoto akae na wazazi wake. Lakini inamtaka pia aangalie umri wa mtoto, mwenyewe anasemaje ikiwa anaweza kusema bila kulishwa maneno, ndugu wasitenganishwe, na malezi aliyoyazoea yasikatwe ghafla. Hayo mawili ya mwisho yashike. Zuhura analala chumba kimoja na kaka yake Idi tangu mama yao azikwe, na huyo baba hamtaki Idi kwa kuwa si wake. Hapo ndipo penye kesi yako, shoga, wala si kwenye machozi.

Kwa hiyo kusanya vitu. Kadi ya kliniki, hata kama imelowa mafuta ya nazi pembeni. Cheti cha kuzaliwa, na kama hakipo nenda RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, wiki hii. Cheti cha kifo cha dada. Risiti za shule, daftari analosaini mwalimu, karatasi za hospitali siku alipolazwa na malaria nawe ukalala chini ya kitanda chake. Jumbe ulizomwandikia baba kuomba pesa ya sare, na ukimya wake. Usifute hata moja, hata zile ulizomtukana.

Na ile fikra ya kumpeleka Unguja kwa binamu "mpaka mambo yapoe", iache kabisa. Leo wewe ndiye unayeonekana mtulivu. Ukimficha, kesho utaulizwa wewe kwa nini umemtorosha, na hapo hata wakili mzuri atakuna kichwa.

Mtoto anakaa Bagamoyo, basi anzia huko huko. Nenda halmashauri, muulizie afisa ustawi wa jamii, umweleze yote usimbakishie. Usimwogope. Atakuja kwako, ataingia hadi uani, atatazama mtoto analala wapi na anakula nini, ataongea na majirani. Taarifa yake inasomwa na hakimu, na hakimu huipa uzito kuliko sifa utakazojipa mwenyewe. Shauri lenyewe linakwenda Mahakama ya Watoto, mbele ya hakimu mkazi. Najua neno mahakama linakutia baridi, unaona kizimba na watu wamejaa kusikiliza aibu za ukoo. Hii haikai hivyo. Inasikilizwa faragha, bila makeke.

Wasaidizi wa kisheria kama sisi tunatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hatudai hela. Tutakuandikia maelezo, tutakuelekeza mlango. Lakini hatusimami mahakamani kwa niaba yako, na anayekwambia anaweza anataka nauli yako. Wakili mtafute ikiwa baba ameweka wakili, au ukisikia ile nyumba ya marehemu huku kwetu inatafutiwa mnunuzi. Ukikosa pesa, uliza wanaotoa msaada wa bure kabla hujauza cherehani. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wanawasaidia sana wanawake kwa mambo kama haya.

Kuhusu mafao na nyumba: hizo ni mirathi, na mirathi ina njia yake mbali na malezi. Mnachanganya, ndiyo maana hamwelewani. Huko sasa kikao cha ukoo kinahitajika kweli, kimpendekeze msimamizi wa mirathi, muhtasari uandikwe, mwende Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi si mrithi wa yote, ukimsikia mjomba anatamba mkumbushe. Sheria imekataza kumnyima mtoto kunufaika na alichoacha mzazi wake, kwa hiyo kwenye kodi ya wale wapangaji wawili, Zuhura na Idi wana haki yao.

Yule shemeji wa Magomeni aliyekwambia "mwasili umalize" hajui anachosema. Kuasili, yaani kumfanya mtoto wa mwenzio kuwa wako kisheria, ni Mahakama Kuu, na kunakata uhusiano wa mtoto na mzazi wake. Wewe hutaki kumfuta baba yake, unataka mtoto alale pale alipozoea.

Akija kwa nguvu kabla hujafika popote, usipigane naye mlangoni mbele ya watoto. Piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure. Au nenda polisi, dawati la jinsia na watoto. Akija kwa amani mkaribishe, mpe chai, amwone mwanawe, na jirani mmoja awepo. Kumwona ni haki yake na ni haki ya mtoto pia.

Leo usiku nipigie picha kila karatasi uliyonayo unitumie WhatsApp, hata ile ya dole gumba. Alhamisi nina nafasi, naweza kupanda basi la asubuhi Kange nije twende wote halmashauri. Mwambie Idi ile nguo ya maulidi nimemwekea. Bi Mkubwa umpe salamu, ila haya usimsomee mpaka tumeonana, presha yake unaijua.

Wako,
Riziki