Waandike kiasi cha fosfati kwenye paketi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu niseme kuhusu hizi fosfati zinazotiwa kwa vyakula vya paketi, manake hapa Malindi sahizi kila mtu ana lake, mmoja asema ni sumu tupu zipigwe marufuku, mwengine asema serikali imeruhusu basi tule tunyamaze, na mimi naona wote wawili wanaruka jambo lenyewe, kwamba hakuna anayetuambia twala kiasi gani.

Fosforasi yenyewe, yale madini yaliyo ndani ya fosfati, si kitu cha kuogopa. Iko kwa samaki, maharagwe, maziwa, nyama, na mifupa yetu na meno haviwezi kusimama bila hiyo. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 700 kwa siku, na anayekula samaki na mbaazi zake ashaipata na ikabaki. Sasa hizi za kiwandani ni chumvi zinazotengenezwa kutokana na asidi ya fosforasi, zimeruhusiwa nchi nyingi duniani, na kazi yao ni kazi ya kweli. Kwenye soseji na smoki zinashika maji na mafuta yasiachane na nyama, chizi ya vipande inayayuka vizuri bila kutoa mafuta juu, maziwa ya unga yanakorogeka bila mabonge, beking pauda nyingi zina fosfati ndo keki inaumuka, na ile soda nyeusi ukali wake watoka kwa asidi ya fosforasi. Mahamri ya hamira hayamo kwenye hesabu hii, nasema hivyo manake kuna watu wameshaanza kuyaogopa pia.

Alafu kuna hii ya tripolifosfati, ati ni dawa ya sabuni. Ni kweli chumvi hiyo hutiwa kwenye sabuni ya unga. Lakini inayotiwa chakulani husafishwa kwa kiwango chake, na kitu kutumika kwa usafi peke yake hakukifanyi kuwa sumu, siki twasafishia vioo na hiyohiyo twatilia kachumbari. Kwa hivyo wanaosambaza hofu kwa watsap naomba wapunguze, wanawatisha watu kwa jambo lisilo na sababu, na lenye sababu wanalipita.

Lenye sababu ni hili. Fosforasi iliyo ndani ya chakula cha asili, mwili wachukua kama nusu yake hivi, na ya maharagwe na nafaka chini ya hapo kwa vile imefungika ndani ya mbegu. Hii ya kutiwa haijafungika na kitu, ikifika tumboni karibu yote yaingia kwenye damu. Mtu mwenye figo nzima hana neno, figo zatoa ziada kwa mkojo na maisha yaendelea. Mwenye figo zilizoharibika haitoki. Inajaa kwenye damu, mwili ukitafuta kusawazisha unavuta kalsiamu kwenye mifupa, mifupa inadhoofika, ngozi inawasha usiku kucha, na kalsiamu hiyo yaenda kuganda kwenye mishipa ya damu mpaka moyo unapata tabu. Mashine ya kusafisha damu yatoa fosforasi kiasi tu, haiwezi kutoa yote, ndo wagonjwa wanapewa vidonge vya kumeza pamoja na chakula ili viishike kabla haijaingia.

Mimi nina shangazi yangu anayekwenda kwenye mashine, na huko alipewa karatasi ya vyakula vya kupunguza: maharagwe, maziwa, dagaa, maini. Akafuata wallahi, mwanamke wa pwani akaacha hata dagaa. Lakini kwa ile karatasi hapakuwa na neno moja la soseji wala soda nyeusi wala chizi, na wajukuu walikuwa wanamletea smoki kwa kumhurumia ati mama hali kitu. Kipimo chake cha fosforasi kikawa hakishuki na kila mtu anamshuku yeye kwamba anakula kwa kujificha. Hilo ndilo lililonifanya niandike, manake mgonjwa anateswa kwa kulaumiwa na kosa liko kwenye paketi isiyosema.

Na ukitaka kuisoma hiyo paketi, jaribu. Nilichukua moja ya soseji dukani nikaigeuza, orodha ya viambato iko upande wa nyuma, herufi nyeupe juu ya rangi ya manjano, mshono wa plastiki umepita katikati umekata mistari miwili, na ukishahangaika wapata stabilaiza E450, E451, ambazo ni nambari za fosfati. Basi. Gramu ngapi? Haisemi. Sukari imeandikwa, chumvi imeandikwa, mafuta yameandikwa, fosforasi hakuna. Na mteja ni mama wa miaka 70 asiyesoma Kiingereza.

Si kwamba wataalamu hawana hesabu. Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ilikuwa imeweka mpaka wa miligramu 70 za fosforasi kwa kila kilo ya uzani wa mtu kwa siku tangu 1982, kisha mwaka 2019 shirika la usalama wa chakula la Ulaya, EFSA, likapitia upya likashusha mpaka 40, na hizo ni kutoka vyakula vyote pamoja, vya asili na vya kutiwa. Piga hesabu, mtu wa kilo 60 ni miligramu 2,400, mtoto wa kilo 15 ni 600 tu. Na EFSA wenyewe walisema watoto na vijana wanaokula sana vyakula hivi wanaweza kupita hapo, tena wakasema wazi kiwango hicho hakiwalindi wenye figo zilizopungua nguvu. Huko kwao mwaka 2017 kwenye bunge la Ulaya walibishana hadi kuhusu fosfati za nyama ya kebabu, pingamizi la kuzizuia likakosa kura 3 tu kupita. Sisi hapa mtoto anakunywa soda nyeusi asubuhi na smoki jioni na hatuna hata pa kuanzia hesabu.

Tena kuna jambo la mfuko. Fosfati inafungua protini ya nyama na samaki ikashika maji zaidi, ndo maana yapendwa kwa samaki wa vipande na kamba wa friza. Si wote wanaotiwa, lakini waliotiwa ukapitiliza utawajua, wanateleza mkononi, wamefura, na ukiwaweka kwenye kikaango wanaachia maji meupe mpaka wanachemka badala ya kukaangika, alafu wakitoka wamebaki nusu. Kamba wa Ngomeni waliovuliwa leo hawafanyi hivyo. Mtu amelipa maji kwa bei ya kamba. Anayeuza na aseme ametia, mnunuzi achague.

Ninachotaka ni kidogo. Katiba yetu kifungu cha 46 chasema mlaji ana haki ya kupata habari anazohitaji na haki ya kulindwa afya yake. Basi paketi iandikwe kiasi cha fosforasi kwa kila gramu 100, iandikwe kwa Kiswahili pia, kwa herufi za kuonekana. Viwanda vitasema ni gharama, lakini chumvi waliandika na hawakufunga. Na hospitali zinazotoa zile karatasi za lishe waongeze mstari wa vyakula vya paketi, hilo halingoji sheria. Ohio kule Marekani mwaka 2009 walichapisha utafiti wa wagonjwa 279 wa mashine, waliofundishwa kutambua fosfati kwenye orodha ya viambato kipimo chao kilishuka kuliko wenzao ambao hawakufundishwa. Kusoma paketi tu, hakuna dawa mpya hapo.

Mpaka hiyo sheria ije, wenye mgonjwa nyumbani watafute kwenye orodha neno lolote lenye herufi phos, na nambari 338 mpaka 343, na 450, 451, 452, iwe na E mbele au bila E. Shangazi yangu amezifunga kwenye pembe ya leso, akienda dukani ampa kijana wa duka karatasi na paketi amlinganishie, na yule kijana sasa amezijua kwa kichwa, juzi alimrudishia mteja mwengine mwenye figo boksi la chizi kabla hajalipa.

Ni mimi msomaji wenu,
Shella, Malindi