Karakana ya Baiskeli Nyalenda, Kisumu, Imeezuliwa Paa, Tunawapitishia Kikapu Tena

Majirani wapendwa, wazazi, na nyote mliowahi kuazima spana kwetu,

Tunaandika tukiona haya. Juzi juzi tu tuliwaomba mtuchangie pampu ya miguu na jiriwa, na mlitoa bila kununa. Leo tumerudi na kikapu kile kile, na hatuna pengine pa kukipeleka.

Upepo wa ziwa uliotangulia mvua uling'oa mabati ya upande wote wa nyuma. Mengine tuliyaokota karibu na mto Auji, yamekunjika na kupasuka palipokuwa na misumari. Yaliyobaki yanavuja. Karai tunalotumbukizia tyubu kutafuta pancha sasa ndilo tunalohamisha huku na huku kukinga maji, na anayetaka kuziba pancha siku ya mvua hungoja zamu yake baada ya paa.

Kwa wasiotujua: hapa hakuna fundi wa kukutengenezea. Unakuja na baiskeli yako, unaipindua, unapewa spana, na mmoja wetu anasimama kando akikuelekeza. Mikono inayochafuka ni yako. Hatulipwi wala hatutozi. Ukitumia solusheni na kiraka, unatia chochote kwenye kopo. Kwa kweli chochote hutiwa; tumewahi kukuta vifungo vya shati.

Kuna wanaouliza, kwani mafundi wa baiskeli wameisha? Wamepungua. Tangu pikipiki ndogo zilipoondolewa kodi ya VAT mwaka 2008, vijana walihamia bodaboda za injini, na mafundi wakafuata riziki huko. Baiskeli lakini hazikwenda popote. Simama kwenye barabara ya Dunga alfajiri uone akina mama wa samaki, wauza maziwa, na wanafunzi wamepakatana kwenye keria. Nyingi ni Black Mamba, zile baiskeli nzito nyeusi za gurudumu la inchi 28, kuukuu kuliko wanaoziendesha.

Hivi karibuni msichana wa Gredi ya 8 alikuja akiisukuma ya babake, gurudumu la nyuma likiyumba hadi linakwaruza fremu. Tulimpa spana ya spoku na kipande cha chaki. Gurudumu hilo lina spoku 40, na ukikaza ya upande mmoja bila kulegeza za upande wa pili, rimu inazidi kupinda. Akawa anazungusha, anaishika chaki karibu na rimu, anatazama ilipoacha alama, analegeza hapa na kukaza pale. Jioni ikamkuta bado anaendelea, mamake amekuja kumtafuta kwa hasira, kisha naye akakaa akatazama. Chaki ilipoacha kugusa, binti alifungua habu, yaani kitovu cha gurudumu, akatoa gololi tisa za kila upande, akazifuta na kuzirudisha na grisi mpya. Siku hizi wavulana wakubwa humwomba yeye awanyooshee rimu, naye huwajibu wajifunze wenyewe.

Kopo letu la gololi za akiba sasa limejaa maji. Zilizobaki zimeota kutu, hazifai hata kuchezea bano.

Tunawafahamu waliopitia hapa. Wengine sasa wana magari, nao wakipita hupiga honi na kutupungia mkono. Tunashukuru. Ila duka la mabati halipokei honi.

Tunahitaji shilingi 68,000 za mabati, mbao, misumari, gata, na kabati la chuma lenye kufuli. Ufundi haumo kwenye hesabu kwa sababu tutapanda juu wenyewe. Kamati imeshachanga 11,500. Msikiti wa jirani umetuhifadhia spana kwenye stoo yake, na mchungaji ametutangaza ibadani. Mungu awazidishie wote wawili. Kila shilingi itaandikwa kwenye daftari la mhazini na risiti zitabandikwa mlangoni. Mlango bado tunao.

Kutoa ni moyo, mmelisikia hilo katika kila harambee tangu mzaliwe. Safari hii tunaomba mfuko nao uhusike. Walioyaona mafuriko ya 2024 hapa Nyalenda hawahitaji kuelezwa kwa nini tunataka kuwahi mvua za Machi.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, hapo hapo karakana. Chai ipo, mandazi tumeahidiwa. Usipoweza kufika, tuma kwa M-Pesa ya mhazini; nambari anayo kila mwanakamati, na tafadhali hakikisha jina kabla ya kubonyeza. Mwenye mabati yaliyobaki kwenye ujenzi ayalete. Tyubu zilizochakaa tunazipokea, tunazikata viraka. Na kama kuna baiskeli iliyolala nyuma ya nyumba yako, ije hata bila magurudumu, maana friwili na pedali zake zina watu wanaozingoja.

Katibu,
kwa niaba ya kamati ya karakana