Tusimdharau mfungaji wa pili

Mhariri,

Nawapinga kwa heshima wanaodai kuwa Jalen Williams wa Oklahoma City Thunder, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, hubebwa tu na nyota wa timu hiyo, Shai Gilgeous-Alexander. Katika mchezo wa tano wa fainali za ligi yao ya NBA za 2025, Williams, kijana wa miaka 24 wakati huo, aliwafunga Indiana Pacers pointi 40, na baadaye ikabainika kuwa alicheza akiwa na kano iliyochanika katika kifundo cha mkono wake wa kurushia. Mkono ule ule!

Vijana ninaowafundisha hapa Kondele, kwenye uwanja wa saruji wenye kikapu kimoja kisicho na wavu, wote wanataka kuwa nyota wa kwanza. Naomba ukurasa wenu wa michezo uwaeleze kwa kina jinsi Williams anavyoutumia upenyo walinzi wawili wanapomzonga mwenzake.

Kocha wa vijana,
Kisumu.